Zinki ya Mashine ya Boti: Gharama Ndogo, Hasara Kubwa

Bei ya samaki inapopanda katika soko la Feri, Dar es Salaam, lawama hutupiwa petroli, upepo wa kusi na madalali. Ni nadra mtu kuuliza ni boti ngapi zimelala ufukoni kwa sababu mashine zake zimekufa kabla ya wakati. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mtaji wa wavuvi wengi unapovujia, na tundu lenyewe ni dogo: kipande cha zinki.

Msomaji asiyeijua bahari aelezwe kidogo. Mwili wa mashine ya boti ni wa aluminiamu, na ndani yake mna ekseli na bolti za chuma kisichoshika kutu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na ile iliyo dhaifu huliwa. Kwa hiyo watengenezaji hufunga kipande cha metali iliyo dhaifu zaidi, kiitwacho anodi, ili kiliwe badala ya mashine. Ujuzi huu si mgeni. Mwanasayansi Humphry Davy wa Uingereza aliueleza mwaka 1824, alipotafuta njia ya kuyalinda mabati ya shaba ya manowari za nchi yake.

Kipande hicho hukaa chini ya bamba lililo juu ya rafadha, na kingine kwenye mabano yanayoshika ubao wa tezi. Kukikagua hakuhitaji fundi. Mashine ikiwa nje ya maji, sugua kwa brashi ngumu kisha tazama. Kikiwa na mashimo na rangi ya kijivu, kinafanya kazi. Kikiwa kimeliwa nusu, kibadilishwe, usingoje kiishe. Kikiwa kizima kama kilivyotoka dukani baada ya miezi baharini, usifurahi: huenda kimepakwa rangi, au hakigusani na mashine. Wakati wa kufunga kipya, kwangua pale kinapokaa mpaka metali tupu ionekane, wala usikipake rangi. Kile cha juu ya rafadha mara nyingi husaidia pia usukani, basi weka alama ya mkao wake kabla ya kulegeza bolti.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa mashine ya shilingi milioni 8. Ikidumu miaka 8, uchakavu wake ni shilingi milioni 1 kwa mwaka. Ikifa baada ya miaka 4, uchakavu ni milioni 2. Tuseme seti ya zinki ni shilingi 40,000 na hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Jumla ni 80,000. Anayekwepa elfu themanini hujitwisha milioni nzima. Hakuna mfanyabiashara wa mjini angeikubali biashara hiyo.

Kwa nini basi wavuvi huikubali? Si ujinga, ni namna mgawo ulivyopangwa. Kwa desturi ya pwani, mapato hutolewa kwanza gharama za safari, yaani petroli, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na mabaharia. Zinki haimo kwenye gharama hizo. Nahodha anaiona mashine kila siku lakini si mali yake. Tajiri ni mwenye mali lakini haioni. Mashine hubebwa begani kila jioni kwa kuogopa wezi, kumbe mwizi ni chumvi iliyokwisha ingia nayo nyumbani.

Tunashauri zinki ihesabiwe pamoja na petroli, kabla ya mgawo. Mabaharia watasema mashine ni ya tajiri, wao walipie nini? Jibu ni kwamba siku inapozimika hakuna mgawo wa mtu yeyote, na ikizimika mbali na nchi kavu, roho zao ndizo zilizo hatarini.

Wauza vipuri nao wana lao. Zinki ni ya maji ya chumvi; katika maji baridi ya Ziwa Victoria hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi, na huko anayefaa ni magnesi. Magnesi nayo ikiletwa baharini huliwa upesi mno. Mashine inayohamishwa kutoka Mwanza kwenda Mafia ibadilishwe anodi kwanza. Muuzaji asiyemuuliza mteja anakwenda maji gani anamuuzia hasara. Na kipande cha risasi kilichoyeyushwa mtaani kisikubaliwe kabisa, kwani risasi huishambulia aluminiamu badala ya kuilinda.

Mwisho ni wakopeshaji. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi huko Mwanza boti za mkopo kwa wavuvi. Ni hatua njema, lakini mkopo hulipwa na mashine inayozunguka. Ukaguzi wa anodi uwekwe kwenye masharti, kama bima inavyowekwa kwenye mkopo wa gari.

Zinki haiponyi kilichokwisha liwa, wala haiondoi haja ya kuisuuza mashine kwa maji baridi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unauzwa kwa mamilioni.