Joto Linakwenda kwa Jirani

Kuanzia Desemba hadi Machi, kabla ya masika, wenzetu wa Bunju, Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini wanajua maana ya kulala katika nyumba ya matofali ya saruji yenye paa la bati. Feni inazungusha hewa ya moto tu. Ndiyo maana viyoyozi vimeongezeka mitaani kwetu, na maneno yameongezeka navyo.

Wapo wanaosema ni maringo. Wapo wanaosema kinaleta kichomi kwa watoto, wakati kichomi huletwa na vijidudu, si baridi. Lakini lalamiko moja tunaliona lina uzito: la mama mwenye kichanga ambaye jirani yake amefunga mashine ya nje karibu kabisa na dirisha lake. Usiku kucha inanguruma na kumpulizia hewa ya moto, naye humhamishia mtoto sebuleni. Akisema, anaambiwa ana wivu.

Si wivu. Kiyoyozi hakiliui joto. Gesi iliyo ndani ya mabomba yake hunyonya joto la chumbani na kulitupa nje, pamoja na joto linalotokana na umeme wenyewe. Hata friji yako hufanya hivyo. Pitisha mkono nyuma yake. Basi jirani anapokea joto zaidi ya lile ulilolitoa chumbani, na katika vichochoro vyetu halina pa kwenda.

Mwambie fundi, kabla hajatoboa ukuta, aiweke mashine juu, ielekee barabarani au uani kwako, akaze vipande vya mpira chini yake, na maji yake yaingie kwenye ndoo.

Halafu kuna LUKU. Kiyoyozi cha chumba kimoja kikila uniti 5 kwa usiku, siku 15 zinamaliza uniti 75, kikomo cha mwezi cha bei nafuu ya umeme wa majumbani. Hapo hujapiga pasi.

Nyumba ya mapadre ya Bagamoyo, iliyoanza kujengwa 1873, ina kuta nene na baraza zenye kivuli. Sisi tunapaua bati na kuhamia kabla ya kuweka dari! Dari, madirisha yanayotazamana na mwarobaini upande wa jua la jioni vitangulie. Baba akiishaleta ramani, mwulizeni pia dirisha la jirani liko upande gani.