"Sikumwona" si jibu

Leo nitaandika kitu ambacho kitakasirisha watu wa pande mbili: madereva wa magari, na pia wenzangu wa boda mnaodhani nitawatetea mpaka mwisho. Nisomeni kwanza. Matusi mtaniwekea hapo chini.

Iko hivi. Kila mara gari na pikipiki zikigongana hapa Nakivale, kuna neno moja ambalo dereva wa gari analitoa hata kabla hajashuka vizuri. "Sikumwona." Anamwambia polisi, anamwambia mwenyekiti wa kijiji, anamwambia mama wa majeruhi. Na sisi wote tunatikisa kichwa: aa, kumbe hakumwona, maskini, ni bahati mbaya. Yamekwisha. Wiki inayofuata unaitishwa mkutano wa usalama barabarani, na wanaoitwa ni nani? Sisi wa boda peke yetu. Tunakaa kwenye benchi, tunafundishwa nidhamu, tunapewa soda, tunarudi nyumbani. Yule aliyesema "sikumwona" hayuko pale. Yuko nje kwenye gari, anamsubiri bosi wake aliyekuja kutufundisha.

Nitawapa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Kiangazi kilichopita rafiki yangu, jirani yangu tangu tulipofika kambini, alikuwa amembeba mama mmoja na mtoto mgongoni kuelekea kituo cha afya. Mimi nilikuwa nyuma yao kama mita 50, na pikipiki ya kuazima. Mbele yetu kulikuwa na gari jeupe la shirika fulani, linasogea pole pole kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Rafiki yangu akapiga honi, akapita upande wa kulia kama inavyotakiwa. Alipofika usawa wa mlango, gari likakata kulia kuingia kwenye uwanja wa ofisi. Indiketa haikuwashwa. Sikuona hata mara moja ikiwaka.

Mama alianguka kwenye majani, magoti yakachubuka. Mtoto alilia sana, na nilishukuru kwamba analia, kwa sababu mtoto anayeanguka akanyamaza ndiye anayetisha. Rafiki yangu alivunjika mfupa wa bega. Dereva akashuka, simu bado iko mkononi, kioo chake kinawaka. "Kijana wangu," akasema, "haki ya Mungu sikukuona."

Na mimi namwamini! Hapo ndipo watu wananishangaa. Mzee yule si mtu mbaya. Alitoa maji, akawabeba wote watatu mpaka kituo cha afya, akakaa nao mpaka jioni. Angekuwa mtu mbaya nisingeandika, maana watu wabaya wapo kila mahali na maandishi hayawabadilishi. Naandika juu ya watu wazuri ambao hawatazami.

Kilichofuata ni kwamba rafiki yangu alikaa wiki 6 bila kufanya kazi. Pikipiki si yake, ni ya mkopo, kila wiki lazima alipe. Mwenye pikipiki hajali mfupa wa bega. Mahindi ya chakula yakauzwa, redio ikauzwa. Halafu ukaja ule mkutano, tukaambiwa suluhisho ni kuvaa reflekta ili tuonekane. Jameni. Siku ile alikuwa ameivaa! Ya rangi ya machungwa, inawaka kama moto. Nilinyoosha mkono niseme hilo, nikaambiwa tunze swali lako mpaka mwisho, na mwisho ulipofika soda zilikuwa zimeshafunguliwa.

Baada ya pale nilianza kusoma usiku kwenye simu, bando ikiwepo. Nikakuta kwamba jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1981, ilitoka ripoti ya mtafiti anaitwa Harry Hurt. Yeye na watu wake walikwenda kwenye ajali za pikipiki zaidi ya 900 mjini Los Angeles, wakapima barabarani, wakauliza watu. Walikuta kwamba pale pikipiki ilipogongana na gari jingine, katika ajali mbili kati ya kila tatu ni dereva wa gari aliyemnyang'anya mwenye pikipiki haki yake ya kupita. Na neno la madereva lilikuwa lile lile: sikumwona, au nilimwona nimechelewa. Najua Los Angeles si Isingiro. Huko kuna lami na taa, hapa kuna mashimo na ng'ombe. Lakini jicho la binadamu ni lile lile.

Na jicho lina udhaifu wake, tuseme ukweli. Pikipiki inayokuja mbele yako ni nyembamba, haionekani inakua mpaka iko karibu, hivyo dereva anafikiri bado iko mbali. Halafu ile nguzo ya chuma pembeni ya kioo cha mbele, inaweza kumficha mtu mzima na pikipiki yake na abiria wake. Kama dereva hasogezi kichwa, kwake sisi hatupo. Sasa fikiria kwamba hapa Uganda usukani uko kulia. Upande wa kushoto wa gari, pale chini karibu na tairi, dereva haoni karibu kitu chochote bila kioo, na ni pale pale sisi wa boda tunapenda kujipenyeza kwenye foleni kule Mbarara.

Kwa hiyo ndiyo, kuona ni kugumu. Lakini kwa sababu ni kugumu ndiyo maana kutazama ni kazi. Mtu anayeendesha tani mbili za chuma katikati ya watoto wanaotoka shule amelipwa kutazama. Akisema "sikumwona" anatuambia habari za macho yake. Mimi namuuliza habari za shingo yake: uligeuza? Vioo uliangalia? Indiketa uliwasha? Simu ilikuwa wapi? Maswali manne tu, na sijawahi kusikia mtu akiyauliza.

Hayaulizwi kwa sababu nyingine pia, na hii inatuhusu sisi wakimbizi. Ajali ikitokea, maelezo ya kwanza yanaandikwa kwa Kiingereza au yanaongelewa kwa Kinyankole. Dereva anazo lugha hizo. Mwenzetu yuko chini, anajua Kiswahili na Kinyabwisha, na bega linamuuma. Akipata mtu wa kumtafsiria, hadithi imeshaandikwa. Halafu wengi wetu hatuna pamiti, kwa hiyo tunaogopa hata kwenda kituoni kusema. Mtu asiye na pamiti akigongwa akiwa upande wake kabisa, bado anaondoka pale kama mkosaji. Mnajua hilo. Madereva nao wanalijua.

Sasa zamu yetu, wandugu, maana niliahidi.

Wengi wetu tulijifunza pikipiki Kongo au Burundi, ambako watu wanapita kulia. Hapa ni kushoto. Mchana ukiwa na akili zako hakuna shida, lakini ukishtuka, mkono unakurudisha nyumbani. Nimeona motari wa miaka mingi kutoka Rutshuru akiliona lori ghafla akakimbilia kulia, moja kwa moja mbele ya lori. Alipona kwa sababu shofa wa lori alikuwa ametazama. Mkimpata mgeni anayetaka kuanza boda, msimpe pikipiki siku ya pili. Mwacheni aendeshe baiskeli kwanza, mwili uzoee.

Na vioo vyetu. Kwa nini tunavigeuza ndani? Eti visivunjike. Tunalaumu magari kwa kutotumia vioo na sisi vyetu vinatazama tumbo. Na abiria watatu, wa katikati amekumbatia mbuzi. Na kofia imening'inia kwenye usukani, wakati sheria ya Uganda inaitaka kichwani, kwako na kwa abiria. Sitaongeza, mnajijua.

Ninachotaka mshike ni hiki: barabarani hesabu kwamba hakuna anayekuona. Washa taa hata saa sita mchana. Usitazame uso wa dereva, uso unaweza kukuelekea na akili iko kwa bibi yake. Tazama tairi la mbele, ndilo linasema ukweli wa kwanza. Kama huoni sura yake kwenye kioo chake cha pembeni, na yeye hakuoni. Ukipita gari lililosimama, acha nafasi ya mlango mzima, kwa sababu mlango utafunguliwa siku ambayo hukuacha. Usiendeshe ndani ya vumbi la lori. Anayekuja mbele anaona lori, halafu anaona vumbi, wewe huko ndani hajui kama umezaliwa. Na gari likipunguza mwendo bila sababu unayoiona, sababu ipo, ni wewe tu huijui. Usipite. Hili nimemwambia rafiki yangu, na haikuwa rahisi, bega bado limefungwa. Angengoja sekunde tano angekuwa mzima. Amekubali. Lakini kukubali kwake hakufuti kosa la dereva hata kidogo, na atakayetumia sentensi yangu hii kumtetea dereva atakuwa ameisoma nusu.

Kitu kingine, na hapa najua nitapoteza marafiki. Ile tabia ya boda kumi kuzingira gari, kuvunja kioo, kumvuta dereva kwenye kola. Acheni. Si kwamba sina hasira, ninayo. Lakini dereva anayejua atapigwa hasimami. Anakanyaga mafuta, anakimbia, na mwenzetu anabaki chini bila gari la kumpeleka hospitali. Mzee wa gari jeupe alisimama kwa sababu siku ile tulikuwa wachache. Tungekuwa kumi, sijui.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka duniani, na hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko hizo. Hao ni sisi. Mtu amevuka mpaka usiku na wadogo zake, risasi zimempita, mto umempita, halafu anakuja kuuawa na indiketa ambayo haikuwashwa.

Ndugu zetu wa mashirika, nyinyi mnaosoma hapa, nawaheshimu, na wengine ni mabosi wangu kwa namna fulani, nikiwa volontia. Naomba msikasirike haraka. Dereva wenu anapoendesha, ni nani anayempigia simu kuuliza amefika wapi? Ni nyinyi. Nani anamwambia tumechelewa ugawaji, ongeza spidi? Mnakaa kiti cha nyuma mnaandika ripoti ya ulinzi wa watoto, na gari linapita mbele ya shule likiacha ukuta wa vumbi, watoto wanaziba pua. Mkiamua kesho simu ya dereva ikae ndani ya kisanduku mpaka gari lisimame, itakaa. Hakuna mfadhili wa kusubiri hapo, wala bajeti.

Na leteni madereva kwenye mkutano. Wakae benchi moja na sisi. Mmoja apande nyuma ya boda kutoka Juru mpaka Base Camp, aone gari likimpita karibu na goti lake linavyohisi. Na mmoja wetu akae kwenye kiti cha Land Cruiser, injini imezimwa, tumzungushie pikipiki tuone ni wapi inapotea. Mimi nilikaa mara moja, dereva mmoja mwenye moyo mzuri aliniruhusu. Pikipiki ilikuwa mita chache tu pale kushoto na sikuiona mpaka nilipoinama. Niliogopa. Toka siku ile sijajipenyeza tena upande ule.

Goma, kwetu, kuna sanamu ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Si ya rais wala ya jenerali. Ni mtu na chukudu yake, ule usafiri wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba viazi na makaa kutoka milimani. Magari yote, hata ya wakubwa, yanapunguza mwendo na kumzunguka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona ni kawaida tu.

Mkutano ujao wa boda ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Nimepewa kazi ya kuandika orodha ya wanaoalikwa. Nimeandika boda 30 kama nilivyoagizwa, na chini yao nimeongeza madereva 8 wa mashirika, kila mmoja na gari lake. Karatasi iko mezani kwa msimamizi tangu Jumatatu. Jana niliuliza, nikaambiwa bado inaangaliwa.