GOTI LA MFANYA KAZI HALIPONYWI KWA PICHA

Ndugu wafanya kazi,

Katika mkutano wa tawi letu uliopita wenzetu wengine walisimama wakasema ya kwamba chama kidai jambo moja tu juu ya magoti: kila mfanya kazi aumwaye goti apigwe mara moja picha ya sumaku, ile iitwayo MRI, na picha ikionyesha ufa, apasuliwe kwa gharama ya mwajiri. Makofi yalipigwa mengi. Sisi tuandikao haya ni watu wa genge la njia, na hatukupiga makofi. Twataka kueleza sababu, maana dai hili likipita kama lilivyo litatugharimu pesa na miguu pia.

Tusidhaniwe kwamba twawatetea waajiri. Sisi ndio tupigao magoti juu ya kokoto. Twamjua karani asemaye ati goti lako limeharibiwa na mpira wa Jumapili, na twaijua dawa ya kuchua itolewayo kwa kila ugonjwa. Lakini mtu aliyedanganywa na mmoja asikimbilie kudanganywa na mwingine.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Ndani ya kila goti, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, mna mito miwili ya gegedu, mmoja upande wa ndani na mmoja upande wa nje, yenye umbo la mwezi mwandamo. Gegedu ni kile kitu cheupe, kigumu kama mpira, tukionacho kwenye ncha ya mfupa wa mbuzi. Madaktari huuita kila mto menisikasi. Kazi yake ni kama ya bafa kati ya mabehewa mawili: kupokea kishindo na kugawa uzito ili mfupa usisage mfupa.

Mto huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya ghafula: mtu amekanyaga imara, goti limekunjwa, mwili ukageuka na mguu usigeuke. Mto hubanwa ukachanika. Hii huwapata zaidi vijana. Ya pili ni ya polepole: miaka ya kuchutama na kupiga magoti, pamoja na umri wenyewe, mto ukachakaa ukapata nyufa pasipo siku hata moja ya ajali. Tena ukingo wa nje wa mto una damu, na ufa wa huko waweza kushikana tena. Sehemu ya ndani haina damu, na ufa wake mara nyingi haushikani.

Sasa sikilizeni habari za wenzetu wawili wa genge letu. Majina hatutaji.

Wa kwanza alikuwa kijana. Alikuwa akiinua taruma, kokoto zikateleza chini ya kiatu, goti likajipinda. Kesho yake lilikuwa limevimba, na tangu siku hiyo halikunyoka sawasawa, lilikwama. Karani wa mkandarasi aliyemwajiri akaandika ya kwamba ni mambo ya mpira. Zahanatini alipewa vidonge na dawa ya kuchua. Miezi ikapita. Goti lililokwama namna ile huonyesha ya kwamba huenda kipande cha mto kimechanika kikajikunja katikati ya mifupa. Hilo halitaki kuchua, lataka daktari wa mifupa upesi. Alipomfikia, mto haukufaa kushonwa tena, ukakatwa.

Wa pili amepita miaka 50. Yeye hakuanguka wala hakujipinda. Maumivu yalimjia polepole, asubuhi ya baridi na wakati wa kupanda ngazi. Aliuza ng'ombe akapiga picha. Picha ikaonyesha ufa. Hakuna aliyemwuliza habari za kazi yake, wala aliyeligusa goti lake. Akapasuliwa. Mwaka umepita. Goti laumwa vile vile, na ng'ombe hayupo.

Ndugu, mmoja alinyimwa kisu alichokihitaji, na mwingine aliuziwa kisu asichokihitaji. Wote wawili walikosa vitu vile vile: mtu wa kuligusa goti na kuuliza, na muda wa kupona. Hivi ndivyo vya kudai.

Mtu atasema, ninyi wa kokoto mwajua nini habari za udaktari? Twajua yaliyochapishwa, na ye yote aweza kuyasoma. Katika mji wa Framingham, Marekani, watu 991 wenye miaka 50 hadi 90 walipigwa picha za sumaku za magoti, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Miongoni mwa wale ambao mito yao ilikuwa na ufa, 61 katika kila 100 hawakuwa na maumivu wala ugumu wo wote wa goti katika mwezi uliotangulia. Basi kuona ufa si kuona chanzo cha maumivu. Mtu mzima ukimpiga picha huenda ukakuta ufa, kama vile ukikagua gari lo lote lililotembea utakuta kiatu cha breki kilichopungua. Je, kila gari lenye kiatu kilichopungua husimamishwa?

Mwaka 2013 madaktari wa Ufini walitangaza jambo la ajabu zaidi. Walichukua watu 146 wa miaka 35 hadi 65, wote wenye mto uliochakaa na kupata ufa. Wote walitiwa darubini ndogo ndani ya goti, kisha kura ikaamua: nusu wakakatwa kile kipande kibovu, nusu wakafanyiwa kama wanakatwa lakini hawakukatwa kitu. Wagonjwa hawakujua nani ni nani. Baada ya miezi 12 nafuu yao ilikuwa sawa. Mwaka 2016 wenzao wa Norwe walitangaza habari za watu 140: nusu walipasuliwa, nusu walipewa wiki 12 za mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na mguu. Miaka miwili baadaye magoti yao yalikuwa sawa, na wale wa mazoezi walikuwa wamepata nguvu zaidi ya paja katika miezi ya kwanza. Kisha mwaka 2017 jopo la madaktari na wagonjwa wa nchi mbalimbali liliandika katika jarida la BMJ la Uingereza likishauri kwa nguvu ya kwamba karibu wote wenye magoti yaliyochakaa wasipasuliwe kwa darubini.

Wenzetu wapigao makofi watatujibu kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni nzuri, lakini fundi huyu mara nyingi hazibi ufa. Huondoa tofali. Ufa uliochakaa haushonwi, bali hukatwa kipande na kutupwa, na kipande hakioti tena. Zamani madaktari waliutoa mto wote wakidhani hauna kazi. Mwaka 1948 daktari Fairbank wa Uingereza alionyesha kwa eksirei ya kwamba magoti yaliyotolewa mto hubadilika: nafasi kati ya mifupa hupungua, na mfupa hubonyea. Mtu aishiye kwa kupiga magoti asitoe bafa yake bure.

Je, twasema kisu ni kibaya? La. Mwaka 1883 mjini Edinburgh, daktari Thomas Annandale alifungua goti la mchimba migodi, mfanya kazi kama sisi, akakuta mto umeachana na mahali pake, akaushona. Mwaka 1962 huko Tokyo daktari Masaki Watanabe aliweza kukata kipande cha mto kwa darubini, pasipo kulifungua goti lote. Hizi ni kazi za sifa. Kijana aliyechanika ghafula, hasa karibu na ukingo wenye damu, na mtu ambaye goti lake limekwama kabisa, hao wasicheleweshwe. Wapigwe picha, waonwe na daktari wa mifupa, wakishonwa wapewe miezi ya kupona. Twakataa tu kwamba picha itangulie mkono.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kuliko watu wengine. Tangu zamani mkaguzi wa mabehewa hutembea kando ya gari, akatazama, akashika, akagonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Daktari ajuaye kazi yake hufanya vivyo hivyo. Huuliza: liliumiaje? Lilivimba baada ya muda gani? Lanyoka lote? Kisha hubonyeza mstari wa kiungo, hukunja goti na kulizungusha polepole kwa ile njia ibebayo jina la McMurray wa Liverpool, akasikia kama kuna kitu kinachokwaruza. Kama kuna shaka ya kuvunjika au kuchakaa kwa mifupa hutaka eksirei. Lakini eksirei haionyeshi mito. Picha ya sumaku huionyesha vema, na yafaa itakwe wakati jibu lake litabadili matibabu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililotuzuia kupiga makofi. Mwajiri mwerevu atalikubali dai la picha kwa furaha. Picha ni gharama ya siku moja. Wiki 12 za kazi nyepesi kwa mshahara kamili ni gharama kubwa zaidi. Tena picha ya mtu wa miaka 45 ikionyesha mto uliochakaa, atasema: tazameni, huu ni uzee, si kazi, hatulipi. Tutakuwa tumemnunulia fimbo ya kutupigia.

Kwamba kazi huharibu magoti si maneno yetu tu. Huko Uingereza serikali iliingiza ugonjwa wa kusagika kwa goti katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa wachimba makaa mwaka 2009, na kwa watandika mazulia na sakafu mwaka 2012. Mtandika zulia hupiga magoti juu ya sakafu. Sisi twapiga magoti juu ya mawe.

Hapa Kenya tunayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Aumiaye kazini amwarifu mwajiri, na mwajiri humwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Gharama za matibabu ya jeraha la kazi ni juu ya mwajiri. Lakini ajali isiyoarifiwa kwa mwajiri katika miezi 12 hupoteza haki. Hapa na sisi tuna kosa. Wangapi wetu huficha goti kwa kuogopa kuachishwa kazi, wakalifunga kitambaa, wakaendelea kubeba mataruma? Ufichao jeraha wamfanyia mwajiri kazi ya karani wake.

Kwa sababu hizi twaomba mkutano ujao ulibadili lile dai, na badala yake chama kidai haya:

1. Kila goti liumialo kazini liandikwe katika kitabu cha ajali siku ile ile, na mwenye goti apewe nakala.

2. Katika wiki ya kwanza aonwe na mtu wa tiba atakayeligusa goti na kuandika alichokiona. Goti lililokwama, au lililovimba sana katika saa chache, lipelekwe upesi kwa daktari wa mifupa. Goti lenye joto na wekundu pamoja na homa lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

3. Kwa goti lisilokwama, wiki 12 za mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo, na kazi nyepesi isiyo ya kupiga magoti, pasipo kukatwa mshahara.

4. Picha ya sumaku na upasuaji vilipwe na mwajiri kila daktari wa mifupa anapoona vyahitajika, na daktari aeleze kwa maandishi kwa nini. Picha isitumike peke yake kumnyima mtu fidia.

5. Mito ya magoti, jeki na zana za kuinulia kwa kila genge, na kupokezana zamu za kupiga magoti, hata kwa watu wa mkandarasi.

Ndugu, yule mwanamke wa Injili alitumia mali yake yote kwa waganga wengi asipate nafuu. Tusiwe kama yeye kwa kupenda. Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njoni, hata wale wanaochechemea. Hasa wale wanaochechemea.

Ni sisi wenzenu wa genge la njia.