Kisha Ipi? Mkono Unaojua na Mashine Inayokisia

Mwanafunzi wa Kiswahili akikutana na neno "kisha" hababaiki. Mchapaji wa Kijapani akiziandika silabi hizohizo katika lugha yake hana budi kusita: je, amekusudia mwanahabari, garimoshi, kampuni yako au kurejea kazini? Maneno hayo manne huandikwa kwa silabi zilezile za kana, ila kila moja lina alama zake za kanji. Kwenye kusita huko ndiko kuliko na hoja yangu.

Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136. Hakuna kibodi ya kawaida inayoweza kubeba vitufe vyote hivyo. Mwaka 1978 kampuni ya Toshiba ilizindua JW-10, mashine iliyogeuza kana kuwa kanji. Njia hiyo ndiyo iliyotawala hadi leo: mchapaji huandika sauti, programu hukisia neno, naye hukubali au hutafuta jingine.

Hata hivyo, wapo walioikataa. Katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Yamada Hisao na wenzake walibuni mbinu iitwayo T-Code. Humo hamna kukisia. Vitufe 40 vikibonyezwa viwili kwa kufuatana hutoa michanganyiko 1,600, na kila alama iliyomo ina mchanganyiko wake usiobadilika. Alama zitumikazo mno zimewekwa mahali pepesi kwa vidole. Mpangilio huo haufuati sauti wala maana. Huingia mkononi kwa mazoezi tu, kama afanyavyo mpiga kinanda.

Wapinzani watauliza: ni nani mwenye miezi ya kukariri? Isitoshe, michanganyiko 1,600 haitoshelezi kanji zote, hivyo alama adimu huhitaji njia ya ziada. Hoja hizo ni za kweli, na kwa mtu aandikaye barua moja kwa wiki nazikubali. Lakini kwa yule ashindaye akichapa, naona mizani inageuka. Anayechagua maneno kwenye kioo huandika mara mbili: kwanza sauti, kisha uamuzi. Macho yake huwa mtumwa wa orodha. Anayechapa moja kwa moja hulipa gharama yote mwanzoni, halafu fikra yake hutiririka bila kukatizwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Yatuhusu nini sisi? Kiswahili chetu cha herufi za Kirumi kimetupa bure kile ambacho wenzetu wa T-Code walikitolea jasho: kitufe kimoja, herufi moja, bila kukisia. Nasi twaichezea neema hiyo. Twachapa tasnifu kwa vidole viwili, na twaiacha simu iliyowekewa Kiingereza "isahihishe" neno la Kiswahili lisilo na kosa lolote. Mashine haikijui Kiswahili kutuzidi; sisi ndio tuliochoka kuamua.

Nawasihi wanafunzi wenzangu wajifunze kuchapa kwa vidole vyote kumi kabla ya kuanza tasnifu, na wazime ukisiaji usioijua lugha yao. Neno litokalo mkononi mwa mwandishi liwe lile alilolikusudia.