Kufilisika si Jinai

Dawa ya deni ni kulipa. Hivyo walituusia wazee, nasi hatuwakosoi. Lakini wazee hao hao walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na leo tunamzungumzia yule ambaye matanga yamemkuta hana kitu.

Tumtazame mfanyabiashara wa nafaka wa Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda. Mji huo unaijua hasara: reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huko mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mgodi wenyewe ukafungwa mwaka 1960. Mfanyabiashara wetu huenda ni mzaliwa wa hapo, au ni ndugu yetu wa Visiwani aliyefuata mahindi na mpunga. Amekopa benki, amekopa kwa watu binafsi, na wakulima wanamdai. Bei imeanguka. Afanyeje?

Mara nyingi huzima simu, huandikisha shamba kwa jina la shemeji, na humlipa mdai mwenye kelele kuliko wengine. Hapo ndipo anapojiangamiza. Kwa mujibu wa Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, mali iliyohamishwa kwa hila yaweza kurudishwa, malipo ya upendeleo yaweza kubatilishwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Kufilisika si jinai. Hila ndiyo jinai.

Sheria hiyo hiyo ina mlango wa halali. Mdaiwa asiyeweza kulipa aweza mwenyewe kupeleka ombi Mahakama Kuu. Likikubaliwa, mali yake huwekwa chini ya msimamizi wa serikali, na mdai asiye na dhamana hawezi tena kumwandama peke yake bila idhini ya mahakama. Mali hugawanywa kwa utaratibu. Mavazi, matandiko na zana za kazi huachwa kwa kiwango kilichowekwa. Baadaye mahakama yaweza kumfungua kutoka katika hali hiyo. Hata hivyo, benki iliyowekewa nyumba rehani haipotezi haki juu ya nyumba hiyo, na aliyemdhamini mdaiwa haponi kwa sababu mdaiwa amepona.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: mwone wakili kabla ya kuuza au kuhamisha chochote. Mpelekee mikataba yote, orodha ya wadai na wadhamini, orodha ya mali, na maelezo ya kila ulichouza karibuni. Usimfiche hata deni la aibu. Huenda akakwambia mahakama haihitajiki, bali mapatano mapya na wadai. Na kwa kuwa Zanzibar ina Mahakama Kuu na sheria zake, Mzanzibari anayefanya biashara Bara aulize mapema shauri lake ni la mahakama ipi.

Sasa tuna neno kwa viongozi. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, lakini kwa miaka mingi mtu wa Mpanda aliifuata Mahakama Kuu Sumbawanga, safari ya kilomita zaidi ya 200. Sheria inayomtaka aliyeishiwa agharimie wakili, ada na nauli ni sheria ya wenye nacho. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2015, iliweka utaratibu mwepesi kwa mdaiwa asiye na mali. Kwa nini sisi tusiweke? Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama. Basi Sura ya 25 ielezwe kwa Kiswahili chepesi hadi ofisi za kata, na watoa msaada wa kisheria, waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 Bara, wafundishwe jambo hili.

Hatumtetei mlaghai. Mkopeshaji naye ana watoto, na fedha yake ni jasho lake. Lakini mdaiwa aliyetoroka usiku hamlipi mtu yeyote, ilhali aliyesimama mbele ya sheria na kuweka wazi alichonacho humpa kila mdai fungu lake. Dini zetu zinatuagiza kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki. Dola haina budi kuufanya muhula huo upatikane Kashaulili kama unavyopatikana Dar es Salaam.