Cheri isiyo na cheri: mtunzi wa harufu atajwe

Mwaka 2018 kampuni ya Tom Ford ilitoa manukato yaitwayo Lost Cherry, na tangu hapo cheri nyeusi imekuwa harufu ya kugombaniwa. Chupa yake ni nyekundu ya tunda lililoiva, na tangazo lake linataja cheri nyeusi, pombe tamu ya cheri na lozi chungu. Bei nayo si haba: nchini Marekani chupa ya mililita 50 huuzwa zaidi ya dola 300. Mnunuzi hawezi kulaumiwa akidhani kuna shamba la micheri linalovunwa ili yeye anukie.

Shamba hilo halipo. Tunda la cheri halina mafuta ya kukamuliwa kama ganda la chungwa, wala halikenekwi kwa mvuke kama makonyo ya karafuu kule Pemba. Atakayelichemsha atapata jamu. Harufu ya cheri hutungwa maabara, na nguzo yake kuu ni benzaldehaidi, kimiminika kinachonukia lozi chungu.

Undugu wa cheri na lozi haukubuniwa na wauzaji. Mimea hiyo ni ya jenasi moja, na kokwa zake zina amigdalini. Kokwa ikipondwa na kuloa maji, amigdalini huvunjika ikaacha sukari, benzaldehaidi na sianidi, sumu inayoua. Ndiyo maana mafuta ya lozi chungu husafishwa kwanza kabla ya kutumika. Wakemia wa Kijerumani Friedrich Wöhler na Justus von Liebig waliyachunguza mafuta hayo mwaka 1832, na kazi yao ikawa miongoni mwa misingi ya kemia ya kaboni. Siku hizi benzaldehaidi nyingi hutoka kiwandani, ikitengenezwa kwa toluini inayotokana na mafuta ghafi.

Je, basi mnunuzi anaibiwa? La. Anadanganywa kuhusu jambo moja tu: nani hasa aliyemfanyia kazi.

Benzaldehaidi peke yake haimpendezi mtu. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, ambako mcheri si mti wa kawaida kwa kuwa hutaka majira ya baridi kali, wanaifahamu harufu hiyo kupitia pipi nyekundu na dawa ya kikohozi ya watoto. Isitoshe, haikai. Ikidondoshwa kwenye kipande cha karatasi hupaa upesi, na ikiachwa wazi hewani hugeuka taratibu kuwa chenga nyeupe za asidi ya benzoiki zisizo na harufu ya maana. Malalamiko ya wateja kwamba cheri yao huondoka kabla ya adhuhuri yana sababu ya kikemia.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mtunzi huitegemeza cheri kwa vitu vizito vyenye harufu ya jirani: tonka, mbegu yenye kumarini inayonukia baina ya vanila na majani makavu, na heliotropini, yenye utamu wa lozi na unga laini. Katika Lost Cherry, waridi la Uturuki na asmini huziba pengo lililo kati ya tunda na mbao, kisha zeri ya Peru, msandali na vetiva hulivuta tunda kwenye giza. Asmini inayotajwa hapo, sambaki, ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, Unguja, Mombasa na Lamu. Guerlain nao, katika La Petite Robe Noire ya mwaka 2012, waliipeleka cheri nyeusi upande mwingine, kwenye chai na waridi. Tunda ni moja kwa jina, lakini pua inakutana na viumbe wawili tofauti. Tofauti hiyo haikutoka mtini. Ilitoka kwa watu.

Aliyetunga Lost Cherry ni Louise Turner, wa kampuni ya Givaudan ya Uswisi. Wangapi kati ya wanaojipulizia cheri yake wanalijua jina hilo? Chupa inamtaja Tom Ford, mbunifu wa mavazi, na tunda ambalo halikukamuliwa.

Sheria nayo imeyumba. Juni 2006, ndani ya siku tatu tu, mahakama kuu ya rufaa ya Ufaransa ilikataa kuitambua harufu ya manukato kama kazi ya sanaa yenye hakimiliki, huku mahakama ya juu ya Uholanzi ikiitambua harufu ya Trésor ya Lancôme. Kwa msimamo wa Ufaransa, nyumbani kwa biashara hii, mtunzi wa harufu ni fundi tu.

Wapo wanaosema mtunzi hulipwa mshahara na hilo linatosha. Lakini mhariri wa filamu hulipwa pia, na jina lake huonekana mwishoni mwa filamu. Tena jambo hili limekwisha kujaribiwa: Frédéric Malle alipofungua nyumba yake ya manukato mjini Paris mwaka 2000, aliandika majina ya watunzi kwenye chupa, na biashara ikastawi. Hata katika miji ya pwani yetu, mteja wa udi humtaja kwa jina mama aliyeupika, na kwa jina hilo hukubali kulipa zaidi.

Kampuni zisidai kwamba kasha halina nafasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya huzilazimisha kuandika viambato vinavyoweza kuleta mzio, kumarini ikiwamo, inapozidi asilimia 0.001 katika manukato yanayobaki mwilini. Neno hilo lina herufi nane. Turner lina sita.