Motaboti za Matajiri na Taa za Miami

Januari 1942, majuma machache baada ya Marekani kuingia vitani, nyambizi za Wajerumani zilifika katika pwani yake ya mashariki na kuanza kuzamisha meli za mizigo na za mafuta. Manowari za ulinzi zilikuwa haba. Ndipo wenye motaboti na mashua za starehe walipojitokeza kuzitoa, na mwaka ule ule Walinzi wa Pwani wakazipokea, wakazitia redio na bunduki za rashasha, wakazipeleka doria.

Hatuwabezi watu hao. Kukesha katika bahari chafu ndani ya chombo kilichoundwa kwa matembezi si mchezo, na rashasha si kitu mbele ya mzinga wa nyambizi. Kazi yao hasa ilikuwa kuangalia, kupeleka habari na kuokota walionusurika.

Lakini tuulize: waliozamishwa walionwaje usiku? Taa za mahoteli na maduka ya pwani, Miami ikiwamo, ziliwaka kwa miezi mitatu, kwa kuwa wafanyabiashara walilalamika kwamba giza lingewakosesha wageni wa msimu. Meli iliyopita mbele ya mwanga ule ilikuwa shabaha tupu, na walioungua ndani yake ni mabaharia, watu wa mshahara. Tabaka lililotoa mashua zake kwa hiari lilingoja amri ya Aprili ndipo lizime taa.

Mei ikaanza misafara ya meli zenye kusindikizwa na manowari. Nyambizi zikahamia Ghuba ya Meksiko na Karibi.